Mba Si Uchafu, Wacheni Kuwatia Haya Maharusi



Leo nimekuja na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu ya nafsi yangu. Kwa hiyo atakayeona nimemchoma ajue nimeanza kujichoma mimi.

Mimi ni mshoni. Kazi yangu ni nguo za harusi, mabaibui na madira ya shughuli. Anayeshona nguo za maharusi huona vitu ambavyo mama mkwe havioni na mpambaji havioni. Ninapompima mtu shingo na mabega, ushungi unavuliwa, mlango umefungwa, tupo wawili. Hapo ndipo mba huonekana. Baibui jeusi limejaa vumbi jeupe mabegani. Nyuma ya masikio pana magamba. Kwenye nyusi na pembeni mwa pua ngozi inabanduka, na chini yake pana mabaka yaliyopauka. Na kabla sijasema neno, biharusi mwenyewe ameshajitetea: "Da, wallahi nimeoga."

Hilo "wallahi nimeoga" ndilo lililonifanya niandike.

Alinijia binti mmoja, wiki saba kabla ya harusi yake. Nilipomvua ushungi nikaona mba umemjaa, na usoni anabanduka. Nilimwambia kwa mzaha, kama tunavyosema sote, "Mdogo wangu, harusi hii, kichwa kisuguliwe vizuri." Akacheka. Mimi nikaandika vipimo vyangu, nikasahau.

Alipokuja kujaribu nguo mara ya pili, uso ulikuwa umebadilika. Mweupe, laini, unang'aa, hakuna hata gamba moja. Sote dukani tukasema mashallah. Nilimuuliza katumia nini, akasema somo yake kampa tyubu ya krimu, anapaka asubuhi na usiku. Nikamwambia aendelee.

Mara ya tatu ilikuwa siku nne kabla ya nikahi. Krimu ilikuwa inamuunguza, akaiacha. Uso ulikuwa umevimba na kuiva, vipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo, na ngozi inabanduka kuliko siku ya kwanza. Nilipomwekea shela, ile neti tu ilipomgusa shavu alitoa machozi. Siku ya harusi mpambaji alimpaka tabaka juu ya tabaka, na picha zilitoka nzuri. Aliyeketi ndani ya zile picha alikuwa anaungua.

Sasa nisikilizeni. Hakuna aliyemtakia mabaya binti yule. Somo yake anampenda. Mama yake anampenda. Mimi nampenda. Lakini sote tulishirikiana kumuumiza, kwa sababu sote tuliamini jambo moja la uongo: kwamba mba ni uchafu, na uchafu husuguliwa, na usiposuguka hufunikwa haraka kabla watu hawajaona.

Mba ni nini hasa

Juu ya ngozi ya kila mwanadamu, tajiri na maskini, anayeoga mara moja na anayeoga mara tano, kuna fangasi wadogo wasioonekana kwa macho, wa namna ya hamira. Wanaitwa Malasezia. Jina hilo limetokana na Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyewaeleza mwaka 1874 baada ya kuwakuta kwenye magamba ya kichwa chenye mba. Kwa hiyo jambo hili si geni. Lilijulikana kabla bibi zetu hawajazaliwa.

Fangasi hawa wanaishi kwa mafuta. Ndiyo maana hukaa pale ngozi inapotoa mafuta mengi: kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na katikati ya kifua. Wanakula mafuta yetu na kuacha mabaki. Ngozi za watu wengi hazijali mabaki hayo. Ngozi za wengine huyachukia. Zinawasha, zinavimba kidogo na zinaharakisha kujibandua. Magamba unayoyaona ni ngozi iliyotoka kabla ya wakati wake, imeshikana vipande vipande.

Ikiwa kichwani tu na kidogo, tunaita mba. Ikizidi, ikateremka kwenye nyusi, pua na masikio, ikawasha, madaktari wanaiita seborea dematitisi. Ni ugonjwa ule ule katika daraja mbili. Hauambukizi. Hukuupata kwa kuazima kitana wala kwa kulala mto mmoja na shoga yako. Si hasadi, wala hukurogwa na mke mwenzio mtarajiwa. Na si uchafu.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi una hila moja zaidi. Kwenye vitabu vingi huelezwa kuwa ngozi inakuwa nyekundu. Kwetu mara nyingi haionekani nyekundu. Huacha mabaka yaliyopauka, meupe kuliko ngozi nyengine, wakati mwengine kama mduara kwenye mstari wa nywele. Mama anaona baka jeupe kwenye uso wa binti yake, anaingia khofu, anadhani ni ukoma au ni choa. Hapo ndipo mbio za kwenda kununua tyubu zinapoanza.

Na kwa nini humzidi mtu anapokaribia harusi? Kwa sababu ugonjwa huu huamshwa na uchovu, kukosa usingizi na wasiwasi. Niambieni, ni biharusi gani wa Unguja au Pemba anayelala vizuri mwezi wa mwisho? Mahari, ukumbi, sare za mashoga, mawifi wanaotaka rangi yao. Ngozi inasema kile ambacho mdomo umekatazwa kusema.

Tunavyoutibu, na kwa nini tunakosea

Tuanze na ndimu. Nani hajaambiwa akamulie ndimu kichwani? Ndimu ni tindikali, na ngozi yenye mba tayari ina michubuko ambayo hata huioni. Unaungua, halafu unasema "inafanya kazi". Kubwa zaidi, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likakupiga, yanaunguza. Nimeona paji la uso limebaki na mchirizi mweusi miezi kadhaa, pale pale maji ya ndimu yalipoteremka. Ndimu yetu tuiache kwenye samaki.

Mafuta. Hapa najua nitatukanwa. Mtasema bibi zetu walipaka mafuta ya nazi na nywele zao zilifika kiunoni. Kweli. Mafuta yanalainisha nywele na yanalainisha magamba yaliyoganda. Sikatai, na mimi mwenyewe nayatumia. Lakini kulainisha gamba si kutibu kilicholeta gamba. Wataalamu wanapotaka kuwaotesha fangasi hawa maabara, huwawekea mafuta, na mara nyingi ni ya zeituni, kwa sababu bila mafuta hawaoti. Sasa wewe una mba, unajipaka mafuta Ijumaa, unafunga kichwa, unaosha Ijumaa ya pili. Umemkaribisha mgeni na umemwandalia chakula cha wiki nzima. Mafuta ya zeituni yana baraka yake na yana mahali pake. Kuyaacha siku saba kwenye kichwa kinachowasha si mahali pake.

Singo. Singo ni fakhari yetu, na sitaki mtu aseme nimeitukana. Asmini, mawaridi, liwa, karafuu, mikono ya somo, ule utulivu wa mwari aliyetawishwa ndani. Ngozi nzima hupendeza kwa singo. Lakini ngozi inayobanduka kwa ugonjwa si ngozi yenye taka. Ukiisugua unaichuna. Manukato yale yale yanayonukia vizuri kwenye mkono mzima huwasha kwenye pua iliyochubuka. Basi singo ipite mwilini, na uso uliojaa magamba uachwe upumzike. Somo mwenye akili hapotezi heshima yake kwa kusema, "Mwanangu, usoni leo hatugusi."

Na hijabu. Kila nikimsikia mtu akisema "mba wako ni kwa sababu ya hiyo hijabu" damu inanipanda. Hijabu haileti mba. Wanaume wanao mba, na hawavai ushungi. Watoto wachanga huota ukoko kichwani, na hawajui hata kibla. Kinachouzidisha ni joto, jasho, na kufunga nywele zikiwa mbichi. Hilo ni kosa letu, hijabu haina dhambi. Tunaoga ghusl alfajiri, tunakimbilia kazini na skuli, tunabana nywele zinachuruzika maji, juu kikofia cha nailoni kinachobana, juu yake ushungi. Kama mshoni nakwambieni: kikofia cha ndani kiwe cha pamba, uwe navyo vinne au vitano, kila siku kipya, na vilivyovaliwa vifuliwe. Nywele zikauke kwanza. Ukichelewa, bora dakika tano za feni kuliko kutwa nzima ya kichwa kibichi.

Tyubu ile

Sasa nije kwenye kilicho kikubwa.

Tyubu aliyopewa yule binti, na tyubu zinazouzwa kila mtaa kwa jina la "krimu ya fangasi" au "krimu ya kutoa madoa", nyingi zina dawa za jamii ya steroidi. Soma maandishi madogo. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, simama. Hizo ni steroidi kali. Zina kazi yake kwa daktari anayejua anatibu nini, sehemu gani ya mwili, kwa siku ngapi. Uso si mahali pake, ila daktari aseme mwenyewe.

Zinafanyaje? Steroidi hutuliza uvimbe na kuwasha kwa haraka sana. Ndani ya siku chache magamba hupotea, uso ukawa laini, na ukiendelea, rangi nayo hufifia. Ndipo tunaposema mashallah. Lakini fangasi wako pale pale. Kilichonyamazishwa ni kelele tu. Huku nyuma ngozi inakonda. Mishipa midogo inaanza kuonekana mashavuni. Chunusi na vipele vinatokea, hasa kuzunguka mdomo. Ukipaka karibu na macho kwa muda mrefu, unaweza kujiletea presha ya macho. Na ukiacha, ugonjwa unarudi kwa kisasi, mbaya kuliko ulivyokuwa. Unaogopa, unapaka tena, unatulia. Umeshafungwa. Hutibiwi tena mba, unatibiwa krimu kwa krimu ile ile.

Zipo tyubu za mchanganyiko, ndani yake steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Muuzaji anazipenda kwa sababu hahitaji kujua unaumwa nini. Chochote ulichonacho, kitatulia kidogo. Hata kama ni choa, steroidi itakificha huku kikisambaa chini kwa chini, na siku utakapokwenda kwa daktari naye itambidi akune kichwa.

Mkorogo ndio usiseme. Yule anayechanganya krimu tatu kwenye kopo lisilo na jina wala tarehe, hajui mwenyewe anachouza. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu, na bado vikopo vinaingia na kutoka. Ngozi iliyokwisha kuchubuka kwa mba inanyonya vitu hivyo zaidi kuliko ngozi nzima. Unajipaka sumu kwenye jeraha.

Kwenu wauzaji, mimi mfanyabiashara mwenzenu nasema hivi. Najua kodi ya fremu. Najua siku ambayo hujauza kitu na mtoto anasubiri ada. Lakini mnakijua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono kwenye lundo la chakula, juu kikavu, ndani kibichi, na maneno makali aliyomwambia muuzaji yule kuhusu mwenye kughushi. Krimu inayokausha juu na kuozesha chini, ina tofauti gani na lundo lile? Ukiuza tyubu ya steroidi kwa binti anayeanguka harusi mwezi ujao, bila kumuuliza anapaka wapi, bila kumwambia siku ngapi, hujauza dawa. Umeuza ubichi uliofichwa.

Haya yetu ndiyo soko lao

Lakini nisiwabebeshe wauzaji peke yao. Wao wanauza kile ambacho haya yetu inanunua.

Nani alimfundisha biharusi kwamba akionekana na magamba mawili kwenye nyusi amewaaibisha wazazi wake? Sisi. Ni sisi tunaokwenda kwenye shughuli, tukirudi tunasema "bibi harusi mzuri, lakini umeona kichwa chake?" Ni sisi wifi na shangazi tunaomkagua mtoto wa watu kama tunanunua kitambaa. Ni sisi tunaosema "mweupe kapendeza", na mweusi tunamwambia "kapendeza, nguo imemkaa". Halafu tunashangaa wasichana wanajichubua.

Dini yetu imetufundisha usafi, na katika usafi imetufundisha kutunza nywele na kuzikirimu. Lakini dini hiyo hiyo imetuamrisha tujitibu, imetuambia kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake, na imetukataza kujidhuru na kudhuriana. Kumwita mgonjwa mchafu si nasaha, ni maudhi. Na kumpa dawa usiyoijua ili tu afiche ni madhara yaliyovishwa nguo ya mapenzi. Sitiri ya Kiislamu ni kumsitiri mwenzio ulimi wako. Si kumpaka klobetasoli.

Kuna atakayeniambia, "Mimi nilitumia krimu hiyo na sikudhurika." Alhamdulillah. Wapo wanaovuka barabara bila kutazama na wakafika. Hiyo haiwi ushauri wa kumpa mtoto wa mwenzio.

Basi tufanyeje?

Sikuja kulaumu na kuondoka. Dawa ipo, si ya ajabu, na wengi wetu tunaipita dukani kila siku.

Kichwani, tafuta shampuu yenye dawa. Soma kibandiko utafute moja kati ya hizi: ketokonazoli, zinki pirithioni au seleniamu salfaidi. Ya ketokonazoli ya asilimia 2 ndiyo inayotumika sana kwa mba mkali. Kosa letu kubwa ni kuitumia kama shampuu ya kawaida, kupaka na kusuuza. Dawa inataka muda. Lowesha kichwa, paka hadi kwenye ngozi yenyewe, si kwenye ncha za nywele, iache dakika tatu hadi tano, ndipo usuuze. Hapo ndipo pa kumsalia Mtume (s.a.w.) huku ukisubiri. Fanya mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Ukishatulia usiache kabisa: endelea mara moja kila wiki moja au mbili, kwa sababu mba hudhibitiwa, haufukuzwi moja kwa moja. Wenye nywele kavu, za kipilipili au zilizosukwa, mara moja kwa wiki inaweza kuwatosha, na ncha za nywele zipakwe mafuta au kondishena baada ya kuosha zisikatike.

Magamba yakiwa yameganda kama ukoko, hapo ndipo mafuta ya nazi yana kazi. Paka, acha saa kadhaa ukoko ulainike, kisha uoshe yote kwa shampuu ya dawa. Usikwangue kwa kitana wala kwa kucha.

Usoni, punguza. Sabuni laini isiyo na manukato, maji ya kawaida, mafuta mepesi ya kupaka yasiyonukia. Povu la shampuu ya dawa unaweza kulipitisha kwenye nyusi na pembeni mwa pua, ukifumba macho, kisha uoshe. Ikiwa haitoshi, ipo krimu ya ketokonazoli, yenyewe peke yake, isiyo na steroidi ndani. Muulize mfamasia akuonyeshe. Kama uso umewaka sana, daktari anaweza kukupa steroidi nyepesi kama haidrokotisoni kwa siku chache. Yeye ndiye atakayesema ngapi, si shoga yako.

Udi usikufukize uso. Fukiza nguo. Ukifukiza nywele, zimeshakauka na kichwa hakiwashi.

Na si kila kinachowasha ni mba. Ukipaka piko au rangi ya nywele, kisha kope zikavimba na kichwa kikatoa maji, huo ni mzio, osha na umwone daktari. Mtoto mwenye viraka visivyo na nywele pengine ana choa cha kichwa, na hicho mara nyingi hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Magamba mazito ya rangi ya fedha yanayotokea pia kwenye viwiko na magoti ni maradhi mengine. Na ikiwa hali hii imekuja ghafla, kali, imesambaa na haisikii dawa, nenda ukapimwe afya kwa jumla, na damu pia. Wakati mwengine ngozi hutoa habari za kinga ya mwili. Kujua si aibu.

Kama tayari umetumia tyubu hizo kwa wiki nyingi, usiogope na usijifiche. Nenda nayo hospitali, tyubu yenyewe mkononi, au kopo la mkorogo kama lilivyo. Mwambie daktari ukweli, umepaka kiasi gani na tangu lini, naye atakuonyesha njia ya kuiacha. Madaktari wa ngozi wapo. Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Hatuko gizani.

Biharusi, anza miezi mitatu kabla, si wiki tatu. Ngozi huchukua takriban mwezi kujibadilisha, na madoa huchukua zaidi. Siku utakayokwenda kuchagua kitambaa ndiyo siku ya kununua shampuu yako. Na wiki mbili za mwisho usijaribu kitu kipya chochote usoni, hata kama kimetoka Dubai, hata kama kakuletea wifi.

Mama, somo, shangazi: ukiona magamba kwa mwari wako, usiseme "kaoge". Muulize, "Yanakuwasha? Tangu lini? Umepaka nini?" Maswali matatu tu. Mimi sikuyauliza. Nilikuwa na futi mkononi, nikampima kila kitu isipokuwa hicho.

Yule binti sasa ni mke wa mtu, alhamdulillah, na uso wake unarudi taratibu kwa matibabu. Nimemwomba radhi. Aliniambia, "Da, kilichoniuma zaidi si krimu. Ni kwamba kila siku nilikuwa naoga mara tatu, na bado mlikuwa mnaniona mchafu."

Sasa dukani kwangu, biharusi akivua ushungi na kuanza kusema "wallahi nimeoga", namkatiza. Namwambia, "Najua, mdogo wangu. Kaa tuzungumze."

Allah atutengenezee ya dhahiri na ya siri, awape maharusi wetu afya na sitara, na atuepushe na ndimi zinazochubua kuliko krimu. Amin.